Kukalia Kiraka

Machibya alikuwa na pua, na pua hiyo ndiyo iliyomponza. Kwa miaka mingi alitengeneza mitumbwi mwaloni, pale wavuvi wa ziwa wanapoegesha, upande wa Ilemela, kwa gundi ya faiba, ile inayonuka mpaka barabarani. Hakuwa na kipimo. Alimimina gundi kwenye kopo la rangi lililokatwa, akadondoshea dawa ya kukazia, akakoroga kwa kijiti, akanusa, basi. Asubuhi za baridi aliongeza dawa, jua likiwaka alipunguza, na viraka vyake vilishika kweli. Alijisifu kwa hilo, tena kwa haki. Shida ya mtu anayejisifu kwa haki ni kwamba hajui pa kuishia.

Mwaloni hapo wana desturi yao. Fundi akishaziba mtumbwi, siku unaporudi majini yeye hupanda na kukaa juu ya kazi yake mwenyewe, mpaka uzunguke mawe yaliyo mbele ya mwalo na kurudi. Wanaita kukalia kiraka. Akishuka na suruali kavu, kazi imekubaliwa. Akishuka amelowa, watamcheka mpaka achoke, na kazi inaanza upya.

Siku moja ubao wa mtumbwi wa Okeyo ulipasuka mbele, chini kabisa. Okeyo alikuwa mume wa Modesta, binti wa Machibya. Mtu wa Mara, mvuvi wa sangara, mwenye heshima mpaka unamwonea huruma. Mbele ya baba mkwe alisimama mbali, mikono nyuma, macho chini. Siku hiyo alileta makopo mawili, kubwa na dogo, aliyoyanunua duka moja huko Mirongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe. Hii nini tena?"

"Ni gundi ya epoksi, mzee. Wanasema inashika mbao kuliko faiba. Muuzaji amesema vikombe viwili vya kopo kubwa, kimoja cha dogo. Isizidi, isipungue."

"Kamwambie huyo muuzaji mimi gundi naipima kwa pua."

Wanaume waliokuwa wakishona nyavu wakaangua kicheko. Okeyo naye akacheka kwa adabu, akaenda zake.

Tumtendee haki Machibya: alianza vizuri. Alipima viwili, akapima kimoja. Lakini alipoinua kichwa aliona wingu jeusi limesimama juu ya ziwa, na mkono wake ukafanya kile ulichozoea. Akaongeza ya kopo dogo, ile ya kukazia, akaongeza tena, ili kiraka kikauke kabla mvua haijafika. Akapaka, akatandika kitambaa cha faiba, akapaka juu yake mpaka makopo yakaisha, akafunika na turubai.

Kesho yake kiraka kilikuwa kinanata. Akakianika juani kutwa nzima. Kikabaki laini kama jojo iliyotafunwa, na kila alipokigusa kidole kiliacha alama.

Alijua la kufanya. Ilibidi akwangue yote mpaka kwenye ubao, amwambie mkwe wake kwamba ameharibu, amwombe gundi nyingine. Yeye, mpima kwa pua, mbele ya wale wale waliocheka! Akachukua unga wa mbao akaunyunyizia juu, akapaka rangi ya bluu. Kikapendeza.

Okeyo alikuja na mwenzake Antoni kuchukua mtumbwi.

"Leo goti limenikamata," Machibya akasema, akilisugua. "Nendeni tu. Kiraka hicho nakijua."

Angekuwa mtu mwingine, angegonga kiraka kwa vidole, angesema panda, mzee, usitutanie. Lakini nani anagonga kazi ya baba mkwe huku mwenyewe anatazama?

"Pole na goti, mzee," Okeyo akasema. Wakasukuma mtumbwi majini.

Kwa muda walikuwa karibu kiasi kwamba angeita wangesikia. Antoni alihangaika na injini, ikakataa, akavuta tena. Machibya alifungua mdomo. Kisha injini ikawaka.

Antoni alirudi kwa mtumbwi wa watu wengine waliomkuta ameng'ang'ania dumu. Okeyo alipatikana baadaye, kati ya mawe. Antoni alisema maji yalipanda kutoka chini, mbele, kwa ghafla. Watu wakamwambia mligonga jiwe, na Antoni, ambaye hakuona jiwe lolote, mwishowe akakubali kwamba huenda. Msibani Machibya alilia mpaka wakamshika mabega, wakasema mzee alimpenda sana mkwe wake. Alimpenda kweli, na hilo ndilo lililomtesa zaidi.

Mtumbwi ulivutwa hadi mwaloni ukakaa pale umefunikwa. Matanga yalipokwisha, Modesta alishuka kutoka mlimani, akipita kati ya majabali, kichwani ndoo yenye makopo mawili.

"Nataka kuukodisha, baba, watoto wapate kula. Na fundi mwingine simtaki."

Akafunua turubai. Ukingo mmoja wa kiraka ulikuwa umeachia, kitambaa kinaning'inia. Alikigusa, na kidole chake kikanasa.

"Mbona kinanata?"

"Maji," Machibya akasema. "Maji yakikaa sana yanaharibu."

Akaamini. Kwa nini asiamini? Huyo ni baba yake.

Machibya alikwangua mpaka kwenye ubao. Modesta akachuchumaa, akamshikia kikombe.

"Muuzaji kanisisitiza viwili kwa kimoja. Anasema watu wanazidisha ya kopo dogo wakidhani itakauka haraka, kumbe hapo ndiyo haikauki kabisa. Lakini wewe unajua, baba."

Machibya alipima. Alifuta ukingo wa kikombe, akasawazisha, akakoroga polepole, na kopo likaanza kupata joto mkononi mwake. Maneno alikuwa nayo. Alijiambia kwamba akiyatoa, huyu mtoto atakuwa amepoteza mume na baba pia. Na alijua, huku akijiambia hivyo, kwamba anajiokoa mwenyewe tu. Alijichukia, akaendelea kukoroga.

Kesho yake kiraka kilikuwa kigumu kama jiwe. Modesta akakigonga, ko, ko, ko, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akatabasamu.

"Ahsante, baba. Sasa ukikalie. Safari ile goti lilikuzuia."

Modesta hakuwa na fumbo lolote aliposema hivyo. Machibya akapanda. Antoni, ambaye tangu ajali alikuwa hajagusa maji, akashika injini kwa ajili ya Modesta tu, wakatoka.

Mzee alikaa juu ya kiraka, viganja vimebana ubao, akamwomba Mungu maji yaingie. Kidogo tu. Kiasi cha mtu kumuuliza. Walizunguka mawe, mawimbi yakapiga mbele, chini kabisa, pale pale, na mtumbwi ukarudi taratibu mpaka mchangani, ambako watu walikuwa wamekusanyika na Modesta amesimama mbele yao.

Machibya akashuka. Watu wakatazama suruali yake, wakapiga makofi. Ilikuwa kavu.