Mchana wa Springi Iliyobanwa

Mume wangu alipohamishiwa kazi Singida, mie nilibaki Mtoni kwa wazazi wake pamoja na mtoto wetu, ambaye alikuwa bado hajaota meno. Nilikuwa nafundisha darasa la pili katika shule iliyo karibu na hapo. Baba mkwe alikuwa dereva mstaafu wa shirika la umma. Maisha yake yote aliendesha malori ya kwenda kusini, na alipostaafu alibaki na gari lake dogo jeupe, la zamani, ambalo lilikuwa limelala mbele. Likipita kwenye shimo ulisikia tumbo lake linakwangua ardhi.

Dada yake mkubwa alikuwa mgonjwa huko Nachingwea. Kila msafiri aliyetoka kule alileta habari mbaya kuliko za yule aliyemtangulia. Baba mkwe alitaka kwenda kumwona kwa gari lake mwenyewe, kupitia Rufiji, na kila aliyeijua ile barabara alimwambia kwamba gari lile lisingefika hata Kibiti. Springi za mbele zilikuwa zimechoka, na madukani hapakuwa na springi wala chochote kinachofanana nazo. Basi rafiki yake mmoja, mpishi wa melini, akamletea seti nzima kutoka nje: springi mbili na shokapu zake, ile mirija ya mafuta inayokaa katikati ya springi kulizuia gari lisiruke-ruke. Hazikuwa za gari lile hasa. Zilitengenezwa kwa ajili ya barabara mbovu, ndefu kuliko za zamani na chuma chake kinene kama kidole gumba changu. Alizificha chini ya kitanda, zimefungwa kwenye kanga, kwa sababu wakati ule mtu akikuona na kitu kipya swali la kwanza lilikuwa umekipata wapi.

Kwa sababu hiyohiyo hakutaka kupeleka gari gereji. Alisema atazifunga mwenyewe, uani, siku ya Jumapili. Msaidizi wake ningekuwa mie.

Inabidi nieleze jambo moja. Nimezaliwa Upareni, na nilifundwa kwamba baba mkwe hasemeshwi ovyo. Ndani ya mwaka mzima wa kuishi naye nilikuwa namwamkia shikamoo nimepiga goti, namjibu nikitazama chini, na kama anakula sipiti mbele yake. Yeye naye alikuwa na heshima zake. Aliniita mwalimu, hakuwahi kuniita kwa jina. Kwa hiyo aliponiambia, "Mwalimu, Jumapili utanishikia spana," nikajibu, "Ndiyo, baba."

Lakini nilikuwa naogopa tangu siku ile. Nilikuwa nimeuona mkono wake wa kulia. Mwaka uliotangulia aliugua, akalala hospitali wiki kadhaa, na aliporudi akaanza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Mama mkwe alimpa chai kikombe kikiwa kimejazwa nusu tu. Nyumba nzima ilijua, na nyumba nzima ilijifanya haijui.

Jumapili ile asubuhi tulianza vizuri. Akaliinua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo, akatoa tairi. Mie nilipitisha spana kama nesi anavyompitishia daktari. Shokapu ya zamani ikatoka pamoja na springi yake, imejaa kutu na tope la miaka mingi. Akaisimamisha katikati ya rimu tupu aliyoilaza mchangani, akaleta vifaa alivyotengenezewa na mhunzi: nondo mbili ndefu zilizochongwa nyuzi za kukazia nati, kila moja ina kulabu juu na chini. Kulabu zinaishika springi, nondo moja upande huu na nyingine upande ule, halafu nati zinakazwa kidogokidogo mpaka springi inajikunja, ndipo unaweza kuifungua au kuifunga.

"Nikisema zungusha, unazungusha nusu," akaniambia. "Usizidishe. Upande mmoja ukitangulia, springi inaruka." Kisha akanisimulia, kwa sauti ileile ya kawaida, juu ya fundi mmoja aliyefanya naye kazi. Springi ilimtoka mkononi ikampiga taya. Yule mtu akaishi miaka yake iliyobaki akila uji.

Nadhani alinisimulia ili niwe mwangalifu. Mie tangu hapo nilikaa mbali na springi kadiri mkono ulivyofika.

Springi ya zamani ilikuwa imechoka kweli, ikatoka bila taabu. Baba mkwe akafurahi, akamwita mama mkwe aje aione. Halafu akaleta ile mpya, akaivalisha juu ya shokapu yake mpya, akafunga kulabu, tukaanza kukaza. Hii haikuwa kama ile nyingine. Kila nusu mzunguko ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayesaga meno. Nati zikawa nzito. Nilitumia mikono miwili, na jasho liliniingia machoni lakini niliogopa kujifuta. Yeye alikuwa ameinama upande wa pili, uso wake juu kabisa ya springi, kwa sababu macho yake nayo hayakuwa ya kijana.

"Zungusha."

Nikazungusha.

"Zungusha."

Hapo ndipo nikaona mkono wake. Ulikuwa unatetemeka, na spana yake ilikuwa imetoka kwenye nati nusu. Yeye hakuhisi. Alisukuma, spana ikateleza, ikagonga nondo, na ile kulabu ya juu ya upande wake ikasogea. Niliitazama. Ilikuwa inafunguka. Chuma kile cha mhunzi kilikuwa kinanyooka polepole mbele ya macho yangu, kama kidole cha mtu anayezinduka usingizini.

Nilitaka kusema "Samahani, baba." Maneno niliyofundishwa yote yalikuja kwa zamu yake mdomoni, na yote yalikuwa marefu mno. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Acha. Toa uso hapo."

Akaganda. Hakuondoka, alinyanyua macho tu akanitazama.

"Unasema na nani, mwalimu?"

"Na wewe. Ondoka hapo. Rudi nyuma."

Sikuwa nimewahi kumtazama machoni kabla ya hapo. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini akarudi nyuma, kwa magoti, kisha akainuka kwa kushika boneti ya gari. Mie nikaachia spana yangu na kurudi nyuma upande wangu. Kulabu ikanyooka tena kidogo, ikatoa mlio, ikatulia. Ilikuwa imeshika kwa ncha tu.

Tukasimama pale, yeye huku na mie kule, katikati yetu kile kitu. Mama mkwe alikuwa mlangoni amembeba mtoto wangu. Nikamwambia aingie ndani, na huyo naye nilimwambia bila adabu yoyote. Akaingia.

Watu wengi nikiwasimulia huniuliza kwa nini hatukulegeza tu nati. Kulegeza nati kulitaka mtu ainame palepale uso ulipokuwa, atie spana palepale mkono ulipoteleza. Na kila kitikiso kiliinyoosha ile kulabu zaidi. Hatukuweza kuifungua, hatukuweza kuibeba, na hatukuweza kuiacha, maana uani petu palikuwa njia ya watoto wa mtaa mzima kwenda bombani. Kuku wa mama mkwe walikuwa wanapita wakidonoa karibu na rimu, na kila kuku aliposogea nilipiga makofi kumfukuza. Mama mkwe akamlaza mtoto, akatokea mlango wa mbele, akaenda kusimama njiani kuwazuia watoto. Aliwaambia kuna nyuki.

Jirani yetu, mchonga vinyago aliyekuwa anafanyia kazi nyuma ya ua wetu, akasikia habari ya nyuki akaja kuangalia. Alipoiona springi akasimama mbali.

"Hii ikitoka inaua," akasema.

"Najua," baba mkwe akamjibu.

Ni jirani aliyetoa wazo la magunia ya mchanga, tukayajaza kando ya ua. Aling'oa mlango wa banda letu la jikoni, wa mbao nzito, akaushika mbele yake kama ngao, akawa anasogea nyuma yake na kusukuma gunia mojamoja kwa mguu mpaka yakaizunguka springi, isipokuwa upande wa kulabu mbovu. Shauri likawa kufunga waya kwenye ile kulabu, kisha kuuvuta kutoka nyuma ya kona ya nyumba. Iruke yenyewe, watu wakiwa mbali. Lakini waya ule ulihitaji mtu wa kuutia.

"Nitautia mie," baba mkwe akasema, akachukua kipande cha waya. Kikawa kinatetemeka hewani. Akakihamishia mkono wa kushoto, nao ukatetemeka, sijui kwa woga au kwa hasira.

Mama mkwe alikuwa bado njiani, lakini alikuwa anaona. Akasema kwa sauti ya chini, ila sote tulisikia, "Mzee wangu, mkono huo hauna nguvu. Tangu mwaka jana. Sote tunajua."

Jirani akatazama pembeni. Baba mkwe akakaa juu ya tairi, na ule waya ukabaki mapajani mwake.

Jirani alikuwa na mlango wa kushika. Nikauchukua waya mie. Sikujitolea kwa ushujaa; nilihesabu watu waliokuwepo, nikaona hajabaki mwingine. Nilikwenda ndani nikamtazama mwanangu, amelala. Nikataka kumgusa, nikaona nikimgusa sitatoka tena. Nikatoka.

Tulisogea pamoja nyuma ya mlango, jirani na mie, hatua fupifupi, miguu yetu ikigongana. Alikuwa ananuka vumbi la mpingo. Nilipofika nilipiga magoti, nikapenyeza mkono pembeni ya mbao. Mkono wangu haukutetemeka, na mpaka leo sielewi kwa nini. Nilikuwa naona sehemu ndogo tu: kulabu, mafuta meusi, mzunguko mmoja wa springi. Nilikuwa naisikia pia. Watu husema chuma hakina sauti kikiwa kimetulia, lakini ile ilikuwa na sauti. Nikaipitisha ncha ya waya nyuma ya kulabu, ikatoka, nikaipitisha tena, nikaizungusha. Kidole changu kiligusa springi. Ilikuwa ya moto kwa jua. Nikarudisha mkono nikauona uko mzima.

Baba mkwe akatoa godoro lao la sufi. Mama mkwe hakumzuia. Wakalilaza juu ya magunia kwa miti mirefu tuliyokuwa tunaegemezea kamba za nguo, kisha sote tukaenda nyuma ya nyumba. Jirani akavuta waya.

Sikusikia mlio mmoja. Nilisikia mingi kwa pamoja. Gunia likapasuka, kitu kikapiga bati la jikoni, kitu kingine kikagonga ukuta upande wa pili wa pale tuliposimama. Halafu kukawa kimya, na sufi ikaanza kushuka, nyeupe, juu ya gari, juu ya kuku, juu ya nywele za mama mkwe. Mwanangu akaamka akalia. Nilimkimbilia, nikamshika, nikakaa naye sakafuni. Sikuweza kumnyonyesha kwa muda mrefu.

Wakati ule, kwa uhaba wa mafuta, Jumapili mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani, na mtaa ulikuwa kimya, kwa hiyo ule mlio ulifika mbali. Balozi wa nyumba kumi akaja akihema kwa haraka, kofia mkononi.

"Ndugu, nani amepiga bunduki hapa?"

Baba mkwe akamwonyesha springi. Ilikuwa imelala juu ya paa, imelitoboa bati.

"Na springi mpya hii umeipata wapi?"

Nilikuwa dirishani na mtoto. Nilidhani woga wangu ulikuwa umekwisha wote, kumbe mwingine ulikuwa bado. Baba mkwe akasema ukweli: rafiki yake wa melini, dada yake mgonjwa, mkono wake. Aliusema mkono wake kwa mara ya kwanza, mbele ya balozi. Balozi akalitazama lile tundu la bati, akatazama magunia, akatazama sufi kwenye kofia yake.

"Msirudie kufanya hivi hapa," akasema. "Kuna watoto." Akaenda zake. Kwa wiki nyingi nilisubiri arudi na watu wengine, na kila mtu alipobisha hodi nilisimama. Hakurudi.

Springi zilifungwa baadaye na fundi mmoja kijana, katika karakana yenye mashine ya kubania, baba mkwe akiwa amekaa kwenye kiti akimwelekeza. Mume wangu alikuja likizo akaendesha. Gari lilisimama juu mbele kama mbuzi anayetaka kuruka. Mama mkwe alikataa kabisa kupanda. Mie nilipanda nyuma na mtoto kwa sababu shangazi wa mume wangu, yule mgonjwa wa Nachingwea, alitaka kumwona mtoto kabla hajafa, na alimwona.

Njia nzima, kila shimo, nilikuwa nanyanyua miguu kutoka sakafuni. Ile sauti ya chini yangu ya chuma kikijikunja na kujikunjua ilikuwa ileile. Tulipofika Rufiji, tukisubiri pantoni, baba mkwe aligeuka kutoka kiti cha mbele.

"Bado unaogopa, mwalimu?"

Nilimtazama. Nilikuwa nimeshazoea kumtazama.

"Bado, baba."

"Hata mie," akasema, akageukia mbele, akamwambia mwanawe asogeze gari, foleni imetembea.