Pumzi Tatu Nyuma ya Pazia

Mumewe alipenda kuwaambia wageni kwamba mkewe ndiye mtu pekee anayelipwa mshahara kwa kunong'ona. "Nyumbani ananifokea bure," aliongeza, "kazini ananong'ona kwa pesa." Wageni walivunjika mbavu, na mkewe alicheka pamoja nao, maana maneno yale yalikuwa ya kweli.

Alikuwa mkumbushaji katika jumba la michezo ya kuigiza. Alikaa kwenye kiti kifupi cha mbao upande wa kushoto wa jukwaa, nyuma ya pazia zito la rangi ya damu ya mzee, mswada wa mchezo ukiwa magotini na kitaa kidogo kikiwa kimefunikwa kopo ili mwanga usivuje. Mwigizaji akisahau maneno, yeye alimtupia neno la kwanza la sentensi, kwa sauti inayofika jukwaani lakini haivuki safu ya kwanza ya viti. Wenzake walimbandika jina la Mama Pazia, na likamganda.

Hakuanzia pale. Alianza kama mpiga chapa katika ofisi ya jumba hilo, akichapa miswada nakala tatu tatu kwa karatasi za kaboni. Kufikia ukurasa wa mwisho, alikuwa ameumeza mchezo mzima. Siku moja mkumbushaji wa zamani alivimba shavu kwa jino, na mwongozaji akaja mbio ofisini kuuliza nani anayajua maneno. Mpiga chapa akainua mkono. Hakurudi tena kwenye mashine yake.

Mkumbushaji wa zamani, kabla ya kustaafu, alimfundisha jambo moja. Kila unapompa mtu neno, weka nukta ya penseli pembeni mwa mstari. Nukta zikirundikana mahali pamoja, ujue hapo ndipo mwigizaji anapojikwaa, nawe uwe macho. Alilishika fundisho hilo kama dini.

Mwaka wa pili wa kazi hiyo akaja Chiriku.

Wakati huo Chiriku alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane aliyekuwa akiuza kanda za muziki kwenye kibanda kando ya kituo cha mabasi. Wateja walimsikia akiimba juu ya nyimbo alizokuwa akiziuza, wakamwambia bora wangenunua sauti yake. Akaingia bendi, redio ikaanza kupiga nyimbo zake asubuhi na jioni, na jumba lilipohitaji mtu wa kuimba na kuigiza kwa pamoja, likamwita. Baadaye zilikuja filamu mbili, picha zake zikabandikwa ukutani kwenye vibanda vya vinyozi, na vijana wakawa wanaomba wanyolewe kama yeye. Hata hivyo, kila msimu alirudi jukwaani. Alisema filamu haina pumzi za watu.

Sifa yake kubwa ilikuwa kunyamaza. Katikati ya maneno mazito alikaa kimya hadi ukumbi mzima ukaacha kukohoa, kisha akalitoa neno moja, na wanawake wakaanza kutafuta leso. Kwa mkumbushaji, ile ilikuwa kazi ya kutembea juu ya kamba. Ukimpa neno wakati amenyamaza kwa makusudi, umemharibia. Ukimnyima wakati amesahau, umemzamisha. Mama Pazia alimtazama mwaka mzima kabla ya kugundua alama. Chiriku akinyamaza kwa kupenda, mikono yake hutulia. Akisahau, mkono wa kulia hupanda polepole hadi kwenye kifungo cha pili cha shati. Mwenyewe hakujua kwamba ana tabia hiyo. Kabla vidole havijagusa kifungo, neno lilikwisha kumfikia sikioni, naye alilipokea kama wazo lake mwenyewe.

Katika kila onyesho alisahau mara mbili, mara tatu. Kwa miaka kumi na sita. Na kwa jinsi Mama Pazia alivyoijua kazi yake, Chiriku aliamini kwamba hasahau kabisa.

Jumapili moja, onyesho likiwa la saa tisa alasiri, Mama Pazia alikuwa nyumbani asubuhi akipiga pasi. Redioni, mtangazaji alikuwa akimhoji Chiriku.

"Hebu tupe siri," mtangazaji alisema. "Maneno yote yale unayawekaje?"

"Kichwani, ndugu yangu. Mimi sijawahi kuhitaji mtu wa kuninong'oneza."

"Si kuna yule mama wa nyuma ya pazia?"

"Aa, yule dada yangu?" Chiriku alicheka. "Yule anafuma sweta tu pale. Msimu huu nadhani amefika mkono wa kushoto."

Mumewe, aliyekuwa akinywa chai, alipaliwa kwa kicheko. "Mke wangu! Kumbe sweta! Na mimi je, hunifumii?"

Pasi iliunguza kola ya shati. Aliizima pasi. Alivaa, akaenda kazini, akaketi kwenye kiti chake, akafunua mswada. Chiriku alipita karibu naye akielekea jukwaani, akamwambia kama siku zote, "Dada, tupo?" Naye akajibu, "Tupo, kaka."

Katika sehemu ya tatu, pale ambapo baba anamkana mwanawe, Chiriku alinyamaza. Mkono wake wa kulia ukaanza kupanda.

Mama Pazia aliuona. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Akalishika hapo. Alijiambia: pumzi tatu tu, aonje. Akahesabu pumzi ya kwanza. Vidole viligusa kifungo. Akahesabu ya pili. Chiriku aligeuza macho upande wa pazia, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na macho yale yalikuwa ya mtu aliyekosa ngazi gizani. Kwenye pumzi ya tatu, mtu mmoja roshanini akapiga mluzi, kicheko kikazuka, na hapo Mama Pazia akatoa neno. Lakini lilikuwa limekwisha kuchelewa. Chiriku alilisikia asilielewe. Akasimama amekishika kifungo chake mpaka pazia likashushwa.

"Ilikuwaje?" mwongozaji aliuliza.

"Nilimpa neno," alijibu Mama Pazia. "Hakulipokea."

Maneno hayo hayakuwa uongo. Ndiyo maana yalimkaa rohoni vibaya kuliko uongo.

Wiki iliyofuata Chiriku alimfuata katika ofisi ya jumba, alikokuwa akipanga miswada. Alikuwa amekonda kana kwamba alikuwa akiumwa. "Dada, nisamehe kwa yale ya redioni. Mdomo ulinitangulia. Nawe siku ile ulinipa neno, mimi ndiye niliyeshindwa kulishika. Marehemu mzee wangu alianza hivihivi. Leo neno, kesho njia ya nyumbani. Alikufa akiniita fundi bomba." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Naacha jukwaa kabla halijaniacha."

Hapo ndipo Mama Pazia alipopaswa kusema ukweli. Alikuwa na mdomo, na mlango ulikuwa umefungwa. Badala yake alimwambia, "Pole, kaka," akamtengenezea chai.

Tangu hapo Chiriku hakuigiza tena. Aliimba mara mojamoja, ameketi, karatasi ya maneno mbele yake. Filamu ya tatu ilikuja mpaka mlangoni kwake akaikataa. Mama Pazia naye aliendelea kunong'ona miaka minne, kisha akastaafu akiwa na saa ya ukutani na miswada yake ya zamani, ambayo hakuna aliyeitaka. Mara nyingine akiwa jikoni alijikuta akilitamka neno lile la sehemu ya tatu, juu ya sufuria, kwa sauti yake ya kazini.

"Unasemaje?" mumewe aliuliza kutoka sebuleni.

"Sijasema kitu."

"Basi umeanza kuninong'oneza bure. Maajabu."

Miaka tisa baada ya Jumapili ile, binti wa Chiriku alibisha hodi. Alikuwa mwalimu wa shule ya chekechea, mwenye macho ya baba yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Hakuzunguka. Jumba lilikuwa limeamua kuuita ukumbi wake mkubwa kwa jina la Chiriku, na Jumamosi kungekuwa na sherehe. Walimwomba baba yake aimbe wimbo mmoja na aigize kipande kimoja, kile cha baba na mwana. "Amekataa wiki nzima. Jana akasema, dada yake wa pazia akikaa pale atajaribu. Asipokuwepo yeye, hapandi. Anasema wewe hukumwangusha hata siku moja."

Mama Pazia alishika ukingo wa meza. "Anaendeleaje?"

"Daktari amempima mara tatu. Kila mara anamwambia, mzee, una akili kunishinda mimi. Baba anatikisa kichwa, anarudi nyumbani kubandika karatasi. Zima jiko. Funga bomba." Binti aliangalia mikono yake. "Mwezi uliopita nilimwomba ampeleke mwanangu shule, mtaa wa pili tu hapo. Akakataa. Alisema, nikimsahau njiani je? Mtoto analia kila asubuhi, babu hanipendi."

Usiku ule Mama Pazia hakupata usingizi. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba alimnyima Chiriku jukwaa. Sasa aliona alikuwa amemnyima hata mkono wa mjukuu. Akimwambia ukweli, huenda asipande, na sherehe ikaharibika, na jina lake mwenyewe likawa tope. Asipomwambia, atapanda akiwa na hofu ileile, atashuka nayo, na ataendelea kukaa akiungoja ugonjwa ambao haupo. Kulipopambazuka alishusha sanduku kutoka juu ya kabati. Akachagua miswada sita, akaitia kwenye kapu la soko.

Chiriku alimfungulia mwenyewe. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, lakini shati lilikuwa limenyooshwa vizuri. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na karatasi: Ufunguo upo kwenye msumari.

"Dada! Ingia, ingia. Umekuja kufuma?" Alijichekea mwenyewe. "Ile sweta iliisha?"

"Kaka, keti kwanza. Nina neno."

Alipanga miswada mezani, akaufungua wa kwanza, wa mwaka ule Chiriku alipoanza. Pembeni mwa mistari kulikuwa na nukta za penseli.

"Hizi ni nini? Mende?"

"Kila nukta ni neno nililokupa. Hapa ulikuwa na miaka ishirini na minane. Huu ni mwaka uliofuata. Huu, ule wa filamu ya kwanza." Alifunua kurasa moja baada ya nyingine. "Umekuwa ukisahau siku zote, kaka. Kila onyesho. Ulisahau ukiwa kijana. Hukuwahi kujua kwa sababu nilikupa neno kabla hujalitafuta. Ukisahau, mkono wako hupanda kwenye kifungo cha pili. Huo si ugonjwa wa mzee wako. Ndivyo ulivyoumbwa, na karibu waigizaji wote niliowanong'oneza ni hivyohivyo."

Chiriku alikitazama kifungo chake. Akaanza kuhesabu nukta kwa kidole, akaacha. "Na siku ile?"

"Siku ile niliuona mkono." Aliufunga mswada. "Niliuona nikanyamaza. Pumzi tatu. Kwa ajili ya sweta. Ulichelewa kupokea kwa sababu mimi nilichelewa kutoa. Kisha nikamwambia mwongozaji nusu ya ukweli, na wewe ukaichukua hiyo nusu ukaishi nayo."

Bomba la jikoni lilidondosha tone, kisha jingine. Chiriku aliinuka, akaenda kulikaza, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi hakuketi.

"Nilikuja kukuomba radhi," alisema. "Mimi. Nilikufuata ofisini nikakuomba radhi. Ukanipa chai."

"Ndiyo."

"Miaka tisa nalala nikihesabu majina ya watoto wangu ili nione kama bado ninayo."

Mama Pazia aliinuka. Alichukua kapu lake. Miswada aliiacha.

"Jumamosi watakutafutia mtu mwingine," alisema mlangoni. "Nitawaambia mimi mwenyewe sababu."

"Usimwambie mtu." Chiriku alikuwa ameshika karatasi ya ufunguo kana kwamba anataka kuibandua. "Uje. Hakuna mwingine anayejua kazi ile. Ila usinisalimie."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Mama Pazia aliketi kwenye kiti kilekile kifupi, magoti yakimlalamikia. Chiriku alipita karibu naye bila kusema "Dada, tupo?" na nafasi ya maneno yale ilibaki wazi, naye akafunua mswada akijua amestahili.

Wimbo ulikwenda vizuri, bila karatasi. Kikaja kipande cha baba na mwana. Katika mstari uleule Chiriku alinyamaza. Ukumbi ukaacha kukohoa. Mkono wake wa kulia ukapanda, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye kifungo cha pili.

Sasa Chiriku alikuwa ameambiwa juu ya kifungo. Huenda alikuwa amesahau kweli. Huenda hakusahau, bali alikuwa amesimama mbele ya watu mia nane akimngoja yeye, aone atafanya nini. Mama Pazia hakuhesabu hata pumzi moja. Alilitupa neno.

Chiriku alilipokea. Mbele, wanawake walianza kutafuta leso.

Alipotoka jukwaani, jasho likimtiririka na makofi yakiwa bado yanagonga kuta, mjukuu wake alimkimbilia akamng'ang'ania mguu. Akamnyanyua. Kisha akasimama mbele ya kiti kifupi, lakini akaangalia mswada, si uso wa mwenye mswada.

"Umeweka nukta?"

"Nimeweka."

"Haya," alisema, akaondoka na mtoto begani, na Mama Pazia akabaki ameshika penseli mpaka wazima taa walipokuja kumwomba kiti.