Sare ya Nesi na Cherehani Iliyogoma

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani kwa miaka thelathini sasa, na ubishi wake una miaka mingi kuliko hiyo. Binti yake, tunayemwita Nesi tangu alipoingia chuo, alikuwa anaanza kazi hospitalini Jumatatu. Mama mdogo aliapa kwamba sare ile nyeupe ataishona mwenyewe. Jumapili asubuhi, ukiwa umebaki mkono mmoja tu wa sare, alibadilisha sindano, akakanyaga, na cherehani ikagoma. Ilitoboa kitambaa lakini haikushika uzi.

Baba mdogo, karani mstaafu wa posta, alitangaza kuwa ni uchafu tu. Mtu akishakunja mikono ya shati, huwezi kumzuia. Alifungua kila chenye skrubu, akapanga vipande kwenye visahani vya chai, akapiga brashi, akatia mafuta, akafunga. Skrubu mbili zikabaki. Eti hizo kiwanda kiliziweka za akiba. Cherehani ikazunguka kwa wepesi wa ajabu na haikushona kitu. Akahamia kwenye ukanda, kisha bobini, kisha akaulaumu uzi, na mwishowe akamlaumu mke wake kwa kukanyaga kwa hasira. Hapo nyumba haikukalika.

Mama mdogo aliketi na kile kipande cha sare mapajani. "Mwanangu ataanza kazi na nguo ya kuazima," alisema, na nilimwonea huruma kweli.

Nesi akaiinamia cherehani. Hakugusa skrubu hata moja.

"Mama, sindano umeiweka kinyume. Upande bapa umetazama nje."

Kosa hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza halifanyi mara mbili. Baba mdogo alifungua kinywa, nikamkanyaga mguu. Nesi aliigeuza sindano, akamwomba mama yake atunge uzi. Mama mdogo alijaribu mara tatu, na mara zote uzi ulipita pembeni.

"Huoni tangu lini, mama?"

"Tangu mwaka wako wa pili. Ungejua, ungeacha masomo uje unishonee wateja."

Nesi alilia, kisha akatunga uzi yeye. Adhuhuri sare ilikuwa tayari, na baba mdogo mpaka leo anasema ni yale mafuta.

Jumatatu Nesi aliripoti kazini amenyooka. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama yake, aliyeburutwa hadi chumba cha macho akilalamika njia nzima kwamba yeye anaona vizuri, ni dunia tu siku hizi imefifia.