Mdalasini wa Shaame Mjini

Kidichi nzima ilimjua Shaame Kheir kwa mambo mawili: mdalasini wake na wivu wake. Mdalasini ulikuwa mtamu. Wivu wake, Mungu atunusuru, ulikuwa hauna likizo wala sikukuu. Siku moja mkewe, Ilham, alimsifu mtangazaji wa redio kwamba ana sauti nzuri. Shaame akatoa betri, akenda kuzizika chini ya mgomba, na waliokula ndizi za mgomba ule wanaapa kwamba zilikuwa zikinguruma tumboni kila ifikapo saa ya taarifa ya habari. Siku nyengine Ilham aliegemea mkarafuu akapumzika kidogo. Shaame akautazama ule mti kwa jicho baya mpaka ukapukutisha majani yote, nao haukuzaa tena.

Sasa fikiria mke wa mtu kama huyo apate kazi mjini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupiga pasi katika hoteli moja ya Shangani. Ilham alikuwa na mkono wa pasi tangu msichana. Akipiga kanzu, mstari wa mkono husimama kama makali ya kisu. Nzi akitua hapo, anaondoka na miguu pungufu. Na haja ilikuwepo. Paa lao lilivuja hata masika wakilala na ndoo baina yao kama mtu wa tatu wa nyumba, na mabati hayaokotwi. Wakakubaliana. Yaani Ilham alikubali, Shaame akanuna, na kununa kwake kukachukuliwa kuwa ni ndiyo.

Zamu ilianza kabla ya alfajiri, maana wageni wa ndege za mapema wanataka mashati yao yakiwa ya moto. Saa hiyo hakuna gari inayotoka Kidichi. Ikabidi Ilham apange chumba hapo hapo Mji Mkongwe, na Mji Mkongwe siku hizi umekuwa zaidi wa kulaza wageni kuliko wa kukaa watu. Nyumba zilizokuwa na bibi na wajukuu zimetiwa vitanda vya samadari na mito ya rangi, na vyumba vilivyobaki wenyewe wakitaja kodi hutazama pembeni kwa haya. Sokoni Darajani, nyanya inakutazama kwanza umevaa nini, ndipo itaje bei. Maji ya kununua, mkaa wa kununua. Hata kivuli, ukisimama sana chini ya roshani ya mtu unahisi utakuja kudaiwa.

Chumba alichopata kilikuwa ghorofani, katika nyumba ya Bwana Abdulrazak, kidogo hivi kwamba ukinyosha miguu vidole vinatoka ukumbini kuwaamkia majirani.

Kila jioni Shaame alipiga simu.

"Umekula nini leo?"

"Mkate na chai, mume wangu. Mshahara ukilipa kodi na ukiweka cha mabati, kinachobaki ndio hicho."

"Nikuletee nini, basi?"

"Niletee mdalasini. Na iliki. Na karafuu na bizari ya pilau."

Shaame akampa dereva kifurushi. Wiki ya pili kifurushi kikataka kuwa kikubwa zaidi. Ya tatu, kikubwa zaidi ya hicho. Shaame akakaa chini ya mti wake wa mdalasini, kisu cha kubandulia maganda mkononi, akajiuliza: mtu wa mkate na chai, mdalasini wote ule anautia wapi? Chai gani hiyo, ya kunywesha jeshi? Bizari ya pilau nayo, tangu lini ikatiwa kwenye chai?

Usingizi ukamhama. Mwisho akavaa kanzu yake moja ya maana, akamkamata jogoo wake mwekundu ili aonekane kaenda kwa wema, akashika njia ya mjini.

Kinywani mwake lilikaa neno moja tu: talaka. Lilikuwa likisukumana na meno litoke. Shaame aliogopa lisije likamdondoka kwa mtikisiko wa gari kabla hajauona ukweli, maana neno lile likishatoka halina mzaha. Akajitia karafuu baina ya meno, akaiuma, akanyamaza mpaka mjini.

Barazani kwa Bwana Abdulrazak alimkuta Bi Salhiya, mpangaji wa siku nyingi, anachambua mchele.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Jogoo wa kuuza huyo?"

"Si wa kuuza. Nnamtafuta Ilham wa Kidichi."

Bi Salhiya akausukuma ungo pembeni. Jambo lilikuwa limemjaa siku nyingi, likakosa pa kumwagwa.

"Ilham mla pilau?"

"Pilau?"

"Kila jioni! Tangu aingie nyumba hii hatujapumua hewa nyengine. Mume wangu akirudi husimama ngazini, kafumba macho, anavuta pumzi. Halafu ananambia mie, mie niliyempikia tangu ana nywele kichwani: 'Salhiya, mwenzio ndio mpishi.' Niambie, mwanangu, ndoa yangu ivunjwe na harufu? Paka wa mtaa wa Malindi wote wamehamia uwani kwetu. Wanapanga foleni, na wanapishana kwa adabu kuliko watu."

Shaame akaihamisha karafuu kutoka shavu hili kwenda lile.

"Na anampikia nani?"

"Hilo ndilo linalonikosesha raha! Mwembamba kama ufito, hanenepi, pilau yote hiyo inakwenda wapi? Mtu hatumuoni. Lakini mwanamme asiyeonekana, huyo ndiye khasa wa kuogopwa." Akamtazama vizuri. "Kwani weye ni nani wake?"

"Mtu wa kwao," alisema Shaame, akaingia ndani.

Hakufika mbali. Chini ya ngazi harufu ikamkuta. Ilikuwa pilau kweli, na ndani ya pilau aliutambua mdalasini wake, ule wa mti wa karibu na kisima, aliouanika kwa mkono wake. Mdalasini wake mwenyewe, unamnukia mwanamme mwengine! Kama angalau ungekuwa wa kununuliwa dukani, pengine angestahamili. Akajibanza nyuma ya mlango mkubwa, jogoo kwapani, akangoja huyo mlaji aje.

Maghrib ikaadhiniwa, watu wakenda msikitini, wakarudi. Mlaji akaja. Alikuwa mtu wa makamo, kitambi mbele, kofia ya viua, manukato yamemtangulia kama mpiga tarumbeta. Akapanda ngazi bila ya haraka, mtu aliyezoea, akagonga mlango wa Ilham, na mlango ukafunguliwa.

Shaame alipanda ngazi zile kwa namna ambayo ngazi zenyewe hazijaisahau.

"Wee! Pilau yangu umeshaila? Mke wangu je?"

Yule bwana aligeuka akaona kanzu, macho mekundu na jogoo. Hakungoja kuuliza. Alishuka kwa makalio, kidaraja kwa kidaraja, akafika chini na kiatu kimoja. Wanasema hakusimama mpaka Michenzani, na hapo alisimama kwa sababu majengo ya pale yanafanana, hakujua ajifiche lipi.

Ilham alikuwa kasimama mlangoni na mwiko. "Shaame?"

Shaame akafungua kinywa. Karafuu ikadondoka, ikagota sakafuni. Hapakuwa tena na kitu cha kulizuia lile neno. Lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Na hapo ndipo jogoo, aliyebanwa kwapani tangu asubuhi, alipochoka na mambo ya watu. Akajikukuta, akaruka, akatua juu ya seredani ya mkaa, akaungua miguu, akapiga mbawa, na sufuria ikapinduka.

Yakamwagika maji.

Maji matupu, rangi ya kahawia, yakatiririka mpaka kwenye viatu vya Shaame. Na vijiti vya mdalasini, na iliki zilizovimba, na karafuu zilizochoka. Hapakuwa na punje ya mchele. Hapakuwa na hata mfupa wa nyama.

Shaame akatazama sakafu. Neno likarudi lilikotoka.

"Pilau iko wapi?"

Ilham akafunga mlango haraka, akaegemea. "Sema polepole, wasisikie! Hakuna pilau. Haijapata kuwepo."

"Na harufu?"

"Siku ya mwanzo nilikaanga dagaa. Bi Salhiya akafungua madirisha yote ya nyumba, akasema shamba limeingia mjini. Niliona haya, Shaame. Kesho yake nikachemsha bizari zako kwenye maji. Wakanyamaza. Nilipotaka kuacha nikaogopa wataniuliza kulikoni. Basi kila jioni nnachemsha harufu, kisha nnakula mkate wangu."

"Na yule mwenye manukato?"

"Bwana Abdulrazak, mwenye nyumba! Kaja kunipandishia kodi. Anasema anayekula pilau kila siku hawezi kulipa kodi ya wala mihogo."

Shaame alitaka kucheka, hakupata nafasi. Ilham alikuwa kashaacha kumtazama uso. Alikuwa anatazama mkono wa kanzu.

"Nani kakupigia pasi?"

"Ah?"

"Mstari huu umelala kushoto. Mie sijalaza mstari kushoto maisha yangu. Mwatum jirani yetu ndiye anayetumia mkono wa kushoto! Mie huku nnakula mkate mkavu, Mwatum anakupigia pasi?"

"Wallahi sijapigiwa na mtu! Nimeiweka chini ya godoro, nikailalia."

"Thubutu! Geuka."

Akageuka. Ilham akaikagua kanzu kama anavyokagua mashuka ya wageni, na mgongoni, katikati, akaona duara la maji yaliyokauka, na duara jengine ndani yake. Alilijua. Lilikuwa tone la paa lao, lile la upande wa ukutani, anapolala Shaame. Akalifuata kwa kidole.

"Ndoo umeiweka wapi?" aliuliza.

"Upande wako, pasilowe. Upande wangu hakuna ndoo."

Hapo Ilham akacheka na akalia, vyote pamoja.

"Turudi nyumbani, mke wangu."

"Na mabati nani ataleta? Nenda kamkamate jogoo wako."

Wakamchinja. Lakini bizari za Shaame zilikuwa zimekwisha zote sakafuni, kwa hiyo kuku yule alipikwa kwa chumvi na ndimu tu. Siku pekee ambayo chumba kile kilipika nyama, nyumba haikusikia harufu yoyote. Paka wakangoja, wakatazamana, wakaondoka mmoja mmoja.

Hodi ikabishwa. Bi Salhiya huyo, na sahani ya wali wa papa iliyofunikwa kwa kawa, uso unang'ara kama wa bibi arusi.

"Leo kimya, mwenzangu? Hukupika? Ndio maisha, wala usione haya. Mume wangu leo kapita ngazini bila ya kusimama! Kula, kula."

Ilham akaipokea sahani kwa mikono miwili, kainamisha kichwa, uso wa huzuni, na mfupa wa kuku umefichwa shavuni. "Ahsante, bi," alisema, kwa upande mmoja wa mdomo.

Kulipopambazuka Bwana Abdulrazak alituma salamu: amesikia hali ya Bi Ilham imekuwa nzito, basi kodi ibaki ile ile, na akirejeshewa kiatu chake atashukuru.

Ilham alishakwenda kazini zamani. Kabla hajatoka aliipiga pasi kanzu ya mumewe, mstari ukalala kulia.

Shaame alirudi Kidichi kasimama wima njia nzima. Garini viti vilikuwepo, akakataa kukaa asije akaikunja kanzu. Alipofika akapita mbele ya nyumba ya Mwatum, taratibu.

"Shaame! Nani kakupigia pasi hiyo?"

Akarudi, akapita tena.

Wivu ulimpata jioni. Aliwaza mashuka ya wageni kule Shangani, yanavyolala yakipapaswa na mkono wa Ilham siku nzima, na wala si mashuka ya mtu anayemjua. Mvua ikaanza. Akaitundika kanzu upande usiovuja, mstari usilowe, akaisogeza ndoo kando, na yeye akalala chini ya tone.