Kompyuta Ndani ya Sanduku la Chuma

Harufu ya chuma kilichochomwa, ikichanganyika na harufu ya mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai, haina mfano wake. Aliyekulia Kitale upande wa barabara ya kwenda Kwanza anaijua hata usingizini. Wakati wa mavuno, kiwanja kizima mbele ya karakana ya baba kilikuwa cha manjano, na sisi watoto tulipita pembeni tukiburuza reki kugeuza mahindi, huku cheche za baba zikiruka na mama akipiga kelele kwamba siku moja atatuchomea chakula cha mwaka. Mimi ni Nekesa, na kwetu jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa mavuno, kwa hiyo kila mwaka mahindi yakikauka nilijihisi kama mwenye sherehe. Shule niliachia darasa la nane. Siandiki hivyo kwa aibu. Leo nina karakana yangu Kanduyi, nje kidogo ya mji wa Bungoma, natengeneza mageti na madirisha, na wanaume wazima wananiita mzee ingawa nimevuka thelathini juzi tu. Anayewapa wengine kazi haulizwi umri. Lakini mavuno ya mwaka ule, elfu mbili na tisa, nayakumbuka kwa uchungu, na sijaona sababu ya kuyatia sukari.

Ili mtu aelewe, lazima nianze na sanduku. Miaka miwili kabla, zile fujo za baada ya uchaguzi zilipofika kwetu, tulikimbilia Bungoma kwa bibi, na tuliporudi karakana ilikuwa tupu kama ganda la yai. Waliochukua hawakutoka mbali. Baba alikaa wiki kadhaa bila kazi, halafu asubuhi moja akasikia grainda ikilia katika ploti ya pili, ile mashine ya kukatia chuma, akasimama mkono ukiwa kiunoni. Ilikuwa yake. Aliijua sauti yake kama mzazi anavyojua kilio cha mtoto wake. Mwenye ploti hiyo alikuwa Makokha, jirani aliyekula harusi ya baba na kunibeba mimi nikiwa mchanga. Baba hakwenda kudai. Alisema ukimdai mwizi uliyekula naye, utakuwa umejitangaza mjinga mara mbili. Akanunua grainda nyingine, akaendelea kumsalimia Makokha, na tangu siku hiyo kila kitu cha nyumba yetu kikawekewa chuma. Mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini baba hakushtuka tu, alianza kuishi ndani ya mshtuko kama watu wengine wanavyoishi ndani ya nyumba.

Kompyuta aliipata kwa shule moja ya huko karibu, iliyomlipa kwa mashine kuukuu baada ya kuitengenezea madirisha. Skrini yake ilikuwa na mgongo mkubwa kama wa ng'ombe. Hiyo aliifunga kwa mnyororo juu ya meza. Lile boksi lenye ubongo wa kompyuta alilijengea sanduku la bati nene, mgongo na mbavu zimechomelewa, mlango mmoja mbele wenye kufuli, na nyuma tundu moja tu la kupitishia waya. Lilikuwa kazi safi, na hilo lazima niliseme kwa haki. Nimechomelea vyuma maisha yangu yote na sijaona pembe zilizonyooka kama zile. Ufunguo aliuvaa shingoni, chini ya shati, mahali ambapo wengine huvaa msalaba.

Sasa, baba alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Simiyu, aliyekuwa bawabu huko Uarabuni. Mama yao, bibi yetu, ambaye sisi tunamwita Kukhu, alibaki kijijini Bungoma. Mwaka ule Kukhu alishikwa na ugonjwa wa tumbo uliomkausha hadi akawa mwepesi kama bua. Masikio yalikuwa yamekufa zamani, kwa hiyo simu haikumfaa kitu. Ukimwekea sikioni alikurudishia na kusema, "Mnanipa jiwe." Alichobakiwa nacho ni macho, na alichotaka ni kimoja. Alimwambia baba mbele yetu sote, "Nionyeshe Simiyu kabla sijaenda. Sitaki picha, picha ninayo. Nataka nimwone akicheka." Ukweli ni kwamba Simiyu hakuwa na namna ya kuja, mwajiri wake alikuwa amemnyima likizo. Lakini alikuwa amesikia kwamba siku hizi watu wanaonana kwenye kompyuta, wakiwa hai, midomo ikitembea. Mwenzake alipokuja nyumbani, Simiyu akampa kamera ndogo ya kuweka juu ya skrini, na kidude cha kunasia mtandao bila waya, kirefu kama kidole gumba, chenye kiantena cha kukunja.

Mtandao wenyewe ulitoka ng'ambo ya barabara kwa Mama Njoki, mjane aliyehamia kwetu na wazazi wake kutoka Nyeri akiwa msichana. Alikuwa na duka la pembejeo na kompyuta mbili za kulipia mbele. Baba hakupenda kuomba. Ilibidi amfikirie Kukhu ndipo avuke barabara. Mama Njoki hakumzungusha. Alisema, "Mama ni mama. Nitakuja niwawekee paswadi mwenyewe, lakini msije mkaiandika ukutani." Akaja siku ya pili na miwani yake ya kamba, akakuta baba ameshakichomeka kidude kwa sababu, kwa akili ya fundi, kitu chenye plagi kinachomekwa. Kompyuta ilikiona lakini haikukitambua, ikawa inauliza maswali kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyesoma karatasi iliyokuja nacho. Iliandikwa kwa wino mwekundu kwamba usichomeke mpaka uweke kwanza ile sidii ya programu yake. Baba akasema, "Ati sasa kidude kinataka kutambulishwa kama bwana harusi." Tulicheka. Tukakichomoa, tukaweka sidii, tukangoja ule mstari wa buluu ujae polepole, tukawasha upya, tukakichomeka tena nyuma. Kikawaka taa ndogo ya kijani. Kwenye kona ya skrini vikatokea vile vijiti vya kuonyesha nguvu ya mtandao, vijiti viwili, na jina la duka la Mama Njoki. Akaandika paswadi huku akitufukuza kwa kiwiko. Tukaingia. Mama alipiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia mahindi.

Yote hayo tuliyafanya mlango wa sanduku ukiwa wazi. Baba akaufunga, akabana kufuli, na vijiti vikafa. Nikamwambia, "Baba, imeenda." Akafungua kuangalia taa, vikarudi. Akafunga, vikaenda. Nikasema, "Ni mlango. Ukifunga inakosa hewa." Mama Njoki akasema mtoto ana macho, kwamba mawimbi hayapiti chuma kama kile, na kwamba dukani kwake ana waya wa kurefusha, kidude kitoke nje kikae juu ya meza. Baba akamwangalia kama aliyetukanwa. "Nje? Kitu cha kubebwa kwa kiganja nikiweke nje? Redio yangu inaongea ndani ya nyumba ya mabati miaka yote, hakuna siku imekataa ati kwa sababu ya bati." Mama Njoki akamwambia redio ni redio. Wakabishana kidogo, mwishowe baba akasema basi, Jumapili ataufungua mlango muda wote wa maongezi, si tutakuwa watu wa nyumbani tu. Hiyo ilikuwa ahadi. Nilikuwepo.

Jumapili Kukhu alifika kwa pikapu iliyopeleka mahindi Bungoma na kurudi tupu, akiwa amelazwa nyuma kwenye godoro, kafungwa leso mpya kichwani. Alikuwa amepakwa mafuta mpaka paji likang'aa. Tulimbeba hadi kwenye kochi mbele ya skrini, akashika mkono wangu na hakuuachia. Kosa ni kwamba habari ilikuwa imezunguka. Kwetu mgonjwa hasafirishwi kimya, na kompyuta ya kuonyesha watu wa Uarabuni haikuwa jambo la kukaa nalo peke yako. Walikuja wa kanisani, wakaja wa ploti, wakajaza sebule hadi mlangoni, mama akigawa chai. Na katikati yao, kwenye kiti kizuri, kofia juu ya goti, akaketi Makokha.

Niliona baba alivyomwona. Mkono wake ulipanda shingoni, ukagusa ufunguo juu ya shati, ukashuka. Akawasha kompyuta kwa swichi ya ukutani, maana mlango wa sanduku ulikuwa umefungwa. Mama Njoki alisimama nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Baba Nekesa, fungua." Baba akajibu, "Itashika tu. Ngojeni." Simu yake ikalia. Ilikuwa Simiyu, sauti yake tukaisikia wote: "Mko wapi bana? Siwaoni! Nimepewa saa moja tu hapa!" Baba akasema, "Inakuja." Makokha akakohoa kicheko. "Fundi, hiyo kompyuta ni mwali? Mbona umeifungia ndani? Ama unaogopa tutaila?" Watu wakacheka, kicheko cha kawaida cha watu wenye chai mkononi, na nadhani nusu yao hawakujua walichokicheka. Mama akasema, "Baba Nekesa, tafadhali." Nikasema na mimi. Jasho lilimtoka baba kama yuko mbele ya moto wa kazi. Akasema tena, "Itashika tu." Ufunguo ulikuwa hapo, juu ya moyo wake, na mkono haukwenda.

Mama Njoki alijaribu kufungua picha ya kamera angalau waone kitu. Kamera haikuhitaji mtandao, ikawaka, na pale kwenye skrini akatokea mwanamke mzee mwenye leso mpya. Kukhu alisogea mbele, akamtazama sana. Alikuwa hajajiangalia kwenye kioo tangu augue. Akamsalimia kwa heshima, "Mulembe, mayi." Yule naye akatikisa midomo. Kukhu akatugeukia akiwa amefurahi kidogo, akauliza, "Huyu mama ndiye anakaa na Simiyu? Mbona amekonda hivi? Mwambieni amwite."

Hata tungemjibu asingesikia. Saa ya Simiyu ikaisha. Watu waliweka vikombe chini polepole, mmoja mmoja wakaondoka, Makokha akampa baba mkono na kumwambia mambo ya mashine ni bahati. Hata vumbi lake halijatua mlangoni baba akavua ufunguo, akafungua sanduku. Vijiti viwili. Vikasimama hapo kwenye kona ya skrini, imara kabisa, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na baba aliuficha uchi wake mbele ya mwizi mmoja, mama yake ndiye akalipa. Asubuhi Kukhu alirudishwa Bungoma kwenye godoro lile lile. Hakuishi hadi mvua za kupanda.

Simiyu hakupata ruhusa ya kuja kuzika. Alikuja mwaka uliofuata. Tulikuwa tumemwambia kwa simu kwamba mtandao ulikataa, na baba alilirudia neno hilo alipomkaribisha ndani. Mama akaweka chai na mayai. Simiyu, aliyekuwa amesikia mengine kwa majirani, aliomba ufunguo, akapewa. Akawasha kompyuta, akafungua mlango wa sanduku, akaangalia kona ya skrini. Akafunga, akaangalia. Akafungua tena. Sijawahi kuona mtu akifungua na kufunga mlango taratibu namna ile, kama anayebembeleza mtoto. Halafu akaweka ufunguo juu ya meza, kando ya kikombe chake ambacho hakuwa amekigusa, akachukua koti akatoka. Anayejua kwetu anajua maana ya kuiacha chai ya ndugu yako ikiwa imejaa. Mama aliimwaga nyuma ya nyumba akilia. Baba alikwenda karakanani akawasha mashine, akachomelea kitu ambacho hakikuhitaji kuchomelewa.

Watu hunisifu siku hizi kwamba nimefika mbali bila vyeti, nami nakubali sifa, nimezifanyia kazi. Lile sanduku nililileta Kanduyi, naweka ndani misumari na vijiti vya kuchomelea, mlango nimeung'oa. Mtandao sasa umejaa kila mahali kama inzi. Kijana anayenisaidia huongea na dada yake wa Ulaya akila muhogo, hata hamwangalii, anamwambia, "Sasa, niaje, ngoja nimalizie hii kazi," anamkatia. Wateja wangu wananunua kidude cha namna ile kwa bei ya soda chache, wakikipoteza hawarudi kukitafuta. Nikiwasikia wakilalamika ati mtandao uko polepole, nageuza uso nisije nikawajibu vibaya. Majuto ni mjukuu, lakini kwetu mjukuu huyo alikuja akakaa, akazeeka pamoja nasi.

Baba ninaye hapa. Magoti yamekwisha, macho bado. Kila Jumapili baada ya kanisa anakuja karakanani, anaketi mbele ya kompyuta yangu, ambayo iko wazi juu ya meza bila mnyororo, na kuniambia, "Nekesa, nipigie Simiyu." Namba tunayo, na tunajua iko hewani. Nampigia. Vijiti vimejaa vyote. Simu inapoita, skrini huonyesha uso wa anayepiga, basi baba hukaa pale akimtazama mzee aliyenyoa vizuri, kola imefungwa hadi juu, akingoja.

"Inaita?" ananiuliza.

"Inaita, baba."