Chupa Inangoja, Chungu Hakingoji

Kila nikisikia neno baraza, mwanangu, kuna siku moja hunirudia, na jana ulipoingia hapa na macho mekundu ilinirudia yote, hata harufu ya unga wa wimbi ukikaangwa. Sikukujibu. Nilikupa chai, ukanywa, ukaondoka umenuna. Leo nimekuita unisikilize, na kwa kuwa mimi ni shangazi yako na magoti yananiuma, utanivumilia nikichelewa kufika.

Najua kilichokuchoma. Baraza la mtaa limemruhusu yule mama jirani yako wa ng'ambo ya barabara auze bia dukani mwake hadi saa nne za usiku. Wewe, mwenye duka la bia ile ile na sukari ile ile, umeambiwa ufunge saa mbili kama zamani, ungoje kikao kijacho. Sasa unataka nisimame kwenye kikao hicho, mimi bibi kizee wa hapa Busia ya Uganda ambaye hakuna wa kunibishia, niseme duka la yule mama linaharibu watoto wa mtaa. Nilikuuliza, umemwona akimuuzia mtoto? Ukasema, "Shangazi, si lazima nione." Hapo, Akiteng mwanangu, nilijiona mwenyewe nikiwa na umri wako, na kiuno kizuri kuliko chako.

Mimi nilizaliwa Mukuju, kwa watu wa wimbi. Nilipoolewa huku mpakani sikuja na vyombo vya maana. Nilikuja na mkono wa mama yangu wa kupika malwa, kinywaji chetu cha wimbi. Ninyi watoto wa chupa hamjui kazi yake. Unachachusha unga wa wimbi, unaukaanga, unatia kimea, unauacha uumuke. Siku ya kuuza unautia chunguni na kumimina maji ya moto, wazee wanakaa duara, kila mmoja na mrija wake mrefu, wanavuta polepole huku wakizungumza habari za mashamba na mahari. Kikipungua unaongeza maji ya moto. Lakini chungu kikishamiminiwa maji lazima kinywewe siku hiyo hiyo. Kesho yake ni siki tupu, utawapa nguruwe. Hilo liweke moyoni, nitalirudia.

Wazee wangu walikuwa wakiacha mirija yao kwangu, imechomekwa kwenye nyasi za paa. Kwetu mtu akiacha mrija wake nyumbani mwako amekwambia kwamba atarudi, wala hahitaji kuapa. Asubuhi nilikuwa naitazama ile mirija kabla sijamtazama mume wangu, Mungu amrehemu.

Ndipo akaja Nekesa.

Alikuwa Msamia wa kutoka Masafu, mke wa mpakia mizigo, na alifungua duka mbele ya mlango wangu kabisa, kama aliyepima kwa kamba. Akapaka mlango rangi ya buluu. Akaleta friji. Wakati ule friji mtaani kwetu ilikuwa mgeni wa heshima, watu walikuwa wanaingia kuisalimia tu. Madereva wa malori waliokwama forodhani wakiteremka na vumbi lao walikuwa wanapita chungu changu kama wanaopita kaburi la mtu wasiyemjua, moja kwa moja kwenye bia baridi ya Nekesa.

Nilimwonea wivu, mwanangu. Sitafuti neno jingine. Nilimwonea wivu friji yake, mlango wake, hata kicheko chake, maana alikuwa anacheka kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nilitoboa tundu kwenye ukuta wa jiko langu ili nimchungulie, na moshi ukawa unaniumiza macho, nami nikasema ni Nekesa anayeniliza. Siku moja mume wangu aliniambia benchi la Nekesa halitikisiki kama langu. Alikula mboga bila chumvi juma hilo lote, na hakuuliza kwa nini. Wahenga wamesema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikonda hadi mkufu wa harusi ukawa unanipwaya shingoni.

Na cha kuniudhi zaidi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akinisalimia kila asubuhi kwa lugha yangu, "Yoga, dada," na matamshi yake yalikuwa mazuri. Angekuwa mchawi ningepumzika.

Basi Nekesa akaenda kwa baraza kuomba aongezewe saa. Wakati huo sote tulikuwa tunafunga saa mbili, naye alitaka hadi saa nne, kwa sababu malori mengi yalikuwa yanaingia jioni. Baraza likawaita majirani kwenye uwanja wa shule watoe maoni. Nilioga mapema siku ile. Nilivaa gomesi yangu ya Krismasi.

Nilisimama nikasema. Nilisema habari za wanaume wanaorudi nyumbani mikono mitupu. Nilisema habari za wanawake wanaopigwa, na watoto wasiolala kwa kelele. Maneno yote yalikuwa ya kweli, mwanangu, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Mambo hayo yapo kweli, yapo mpaka leo, na mtu anayeyasema kwa uchungu wa wale wanawake anastahili kusikilizwa. Mimi niliyasema kwa uchungu wa friji. Akina mama wakanipigia makofi, wengine vigelegele. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niliposikia vigelegele nikaongeza, "Hata hiyo saa mbili ni usiku mno! Jua likizama, pombe ifungwe!"

Mwenyekiti alikuwa mtu wa kusikiliza wananchi. Alishauriana na wenzake, akarudi na uamuzi: saa hazitaongezwa, zitapunguzwa. Kila muuza pombe atafunga jua linapozama. Nilimtazama Nekesa. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilirudi nyumbani nikicheza njia nzima, na ile gomesi ikakusanya vumbi lote la Busia.

Kesho yake nilimimina chungu kama kawaida. Unajua wakulima. Mchana wako shambani, wanarudi, wanakoga, wanafunga ng'ombe, ndipo wanakuja. Wazee walikuwa ndio kwanza wamekaa, mirija imeingia chunguni, jua limekaa juu ya mabati, mara askari wa baraza akatokea.

"Toto, funga," akaniambia. Toto kwetu ni mama, aliniita kwa adabu.

"Nifunge nini?"

"Pombe."

"Pombe iko kule," nikamwonyesha mlango wa buluu. "Hii ni malwa."

Usinicheke, Akiteng. Nilisema kweli kutoka moyoni. Kwetu malwa ndiyo tunayomwagia ardhi mtoto akipewa jina, ndiyo wazee wanayokunywa mahari ikikubaliwa. Pombe ilikuwa kitu cha chupa, kitu cha watu wengine. Nilisimama mbele ya baraza zima nikailaani pombe, na haikunipitia akilini hata kidogo kwamba nyumbani nimeacha chungu kinaumuka.

Yule askari alinionea huruma. Akasema, "Toto, sheria iko moja. Imesema muuzaji wote. Na ni wewe mwenyewe jana naomba hiyo sheria."

Mkubwa wa wale wazee alikuwa Mzee Okware, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa anavuta mrija wake kama anayemsikiliza mtu mle ndani. Aliutoa chunguni, akaupangusa, akanitazama.

"Amoit," akasema, "wewe nataka kufunga duka ya Nekesa. Haya, imefungwa. Bia yake nalala kwa friji, kesho anauza. Malwa yako nalala wapi?"

Nikakitazama chungu.

"Chupa inangoja," akasema. "Chungu hapana ngoja. Wewe binti ya Mukuju, hata hii nakufundisha mimi?"

Akatoka na mrija wake. Wenzake wakafuata, kila mmoja na mrija wake mkononi, wakavuka mpaka. Ng'ambo, upande wa Kenya, wakubwa wa kule walikuwa wameongeza saa msimu ule ule, na Wateso wenzetu wa kule wana vyungu. Hapa mpakani soko ni moja na sheria ni mbili. Ukibana huku, watu wanamwagikia kule. Waliniambia baadaye kwamba ofisa mmoja wa Kenya alimuuliza Mzee Okware, "Mzee, hiyo fimbo ndefu ni ya nini?" naye akajibu, "Hii si fimbo. Hii iko mdomo yangu."

Nilikaa na chungu kilichojaa, na paa lisilo na mrija hata mmoja. Nguruwe wa jirani walilewa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi sikuingia tu, nilijifunika na kifuniko. Juma baada ya juma nilijaribu kumimina mapema, lakini mapema hakuna mnywaji. Wimbi liliisha, kimea kiliota ukungu, na jioni jua likizama nilikuwa namwona Nekesa kupitia tundu langu akifunga mlango wake wa buluu taratibu, bia zake zikiwa salama mle ndani zinangoja asubuhi. Nilimwonea wivu hata kwa kufunga.

Baraza lilipokaa tena sikutaka kwenda. Mume wangu ndiye aliyenivuta. Nikakaa nyuma kabisa, leso usoni. Nekesa akasimama. Nikajiambia, haya, leo anakulipa, vumilia, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi saa yangu siombi leo. Bia yangu naweza ngoja mpaka kesho. Lakini chungu ya dada yangu hapa mbele hapana ngoja, na wazee yetu naenda kunywa kwa watu. Mrudishie yeye jioni yake."

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Sikuona aibu kwanza. Niliona wivu! Ulipita wivu wa friji, kwa sababu friji naweza kuinunua. Moyo ule ningeupata wapi? Nilitaka niwe mimi niliyesema maneno yale. Mpaka leo nataka.

Baraza likaturudishia sote saa mbili. Wazee wakarudi, wakachomeka mirija yao kwenye paa langu mmoja mmoja. Isipokuwa Mzee Okware. Yeye alirudi, akanywa, akanisifu mkono, na alipomaliza akaupangusa mrija wake, akavuka barabara akauweka kwa Nekesa. Nekesa asiyepika malwa! Kila jioni, hadi alipokufa, nilikuwa namsikia akibisha kwenye mlango wa buluu kuuchukua mrija wake, ndipo aje kwenye chungu changu. Hakunisema tena hata mara moja. Hakuhitaji.

Mrija ule uko kwa Nekesa hadi leo, umetundikwa juu ya mlango. Yeye ana meno yake yote, mimi nimebakiwa na machache, na bado nikipita pale nautazama, na bado unaniuma. Usidhani uzee unaondoa wivu, mwanangu. Unakufundisha tu mahali pa kuuketisha.

Basi nasaha yangu ni hii. Kwenye baraza nenda ukaombe saa zako, usiende kuomba saa za mwenzako. Kama kweli umemwona yule mama akimuuzia mtoto bia, mfuate umwambie usoni, na asiposikia nitasimama nawe mbele ya mwenyekiti, magoti yaume yasiume. Kama hukuona, funga mdomo, maana neno lililotoka kwenye wivu hata likiwa la kweli halijui kuchagua mlango. Litaanza kwa jirani, lilale kwako. Hasidi hana sababu, lakini ana hasara. Na ukimwona mwenzako ana kitu, kabla hujaumia uliza kama ni kitu cha kununuliwa. Kama ni cha kununuliwa, fanya kazi. Kama ni moyo, basi uonee wivu mchana na usiku, nami sitakukataza.

Siku ya kikao nitakuja, tena kwa gomesi. Nitakaa kati yako na huyo jirani yako, na wewe ndiwe utakayemsalimia kwanza.

Sasa inamisha kichwa nikubariki kwa baraka ya watu wa wimbi. Chungu chako kisipasuke. Maji yako ya moto yasipoe. Mrija wako usizibe. Jioni yako iwe ndefu, na ya jirani yako iwe ndefu pia. Na siku utakapozeeka, mwanangu, tazama juu ya paa lako uone mirija ya watu.