Kitambaa Chini ya Mguu

Mtaa mzima ulimwita Sista Mkoba, kwa sababu ya mkoba wake mweusi ambao mpini wake ulikuwa umeshonwa upya na mgonjwa wake mwenyewe, mama mmoja fundi cherehani. Alikuwa muuguzi wa majumbani: anapiga hodi, anavua viatu, ananawa mikono, anafunga vidonda vya watu ambao hospitali imeshawachoka. Mwaka huo alikuwa akisomea ngazi ya muuguzi mkuu wa jamii. Mchana kazi, jioni vitabu, hadi mumewe akawa anamtania kwamba siku hizi hata sufuria inasubiri matokeo.

Mtihani wa mwisho haukuwa wa kalamu. Mtahini angefuatana naye hadi nyumbani kwa mgonjwa mmoja, akitazame kidonda, aitazame mikono yake, kisha amwulize mgonjwa mwenyewe anahudumiwaje. Mgonjwa alichaguliwa na mwanafunzi. Sista Mkoba hakufikiri mara mbili, akamchagua fundi.

Angemchagua nani mwingine? Alimkuta na kidonda juu ya kifundo cha mguu, kikubwa kama kiganja, kikitoa harufu hadi majirani wanafunga madirisha. Kila Alhamisi alikisafisha, akakifunga bendeji kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, akamsisitizia auinue mguu juu ya mto kila akikaa. Sasa kilikuwa kimebaki kama ukucha. Fundi alimwita mwanangu, na si kwa mdomo tu. Aliposikia habari za mtihani alimpima mabega, akapokea kwake kitambaa cha sare ya wauguzi wakuu amshonee, na kila alipoulizwa alijibu, "Nimeshakata, mwanangu. Bado mikono tu."

Siku yenyewe ikafika. Mtahini, mama mpole mwenye miwani, alikaa karibu na cherehani. Sista Mkoba akapiga magoti, akafunua shuka. Bendeji haikuwepo. Palikuwa na kipande cha nguo kuukuu kilicholoa, na chini yake kidonda kimechubuka upya, kimepakwa dawa ya meno, nyeupe, nene, ikinukia kama mtu aliyetoka kupiga mswaki.

"Nani alikuambia upake hii?" mtahini akauliza.

Fundi alikodolea macho sindano ya cherehani. "Si huyu huyu Sista. Kasema bendeji zimeisha, nijisaidie na hiyo."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, ila hawakusema kinauma namna gani kikikutafuna mbele ya mtahini. Sista Mkoba alifungua mdomo. Angesema nini? Amwite mwongo mtu wa umri wa mama yake, ndani ya nyumba yake, huku ameushika mguu wake? Akanyamaza, akaanza kuosha, na mtahini akauchukua ule ukimya kuwa jibu. Walipotoka nje alimwambia, bila ukali, ajaribu tena mwakani. Mtu anayemwachia mgonjwa dawa ya meno hawezi kukabidhiwa wauguzi wengine awaongoze.

Alilia njia nzima, wala hakuwa akililia mtihani. Kufeli alishawahi kufeli. Alilia kwa sababu alikuwa amempenda yule mama.

Alhamisi iliyofuata alirudi, maana kidonda hakijui ugomvi.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Sasa kwa nini?"

Fundi alichezea gurudumu la cherehani. "Yule aliyekuja kabla yako nilimshonea sare ya ukubwa, kwa mikono yangu hii. Alipoivaa sikumwona tena. Wakubwa hawapigi hodi, mwanangu. Wanakaa ofisini, wanatutumia watoto wasiojua hata kufunga fundo. Nikasema, huyu simwachilii."

"Ukaona bora unizamishe."

"Niliona bora ubaki."

Shukrani ya punda ni mateke, lakini angalau punda hakuiti mwanangu kwanza. Sista Mkoba aliuma meno, akauinua ule mguu aufunge, na hapo ndipo alipoona ulikuwa umelazwa juu ya nini. Foronya ilikuwa imetolewa ikafuliwe. Ule mto aliokuwa akipiga magoti kando yake Alhamisi hizi za karibuni ulikuwa kitambaa chake cha sare, kizima, kimekunjwa na kukunjwa tena, hakijaguswa na mkasi. Kumbe halikuwa wazo la siku moja.

Alifunga bendeji, vidoleni hadi chini ya goti, kwa utaratibu ule ule.

"Ungeniuliza tu, mama," alisema akibandika plasta. "Vidonda sugu kama hiki hubaki kwa muuguzi mkuu mwenyewe. Nilishaomba, nikifaulu, nibaki na wewe."

Fundi aliliachia gurudumu la cherehani.

Sista Mkoba akavuta kitambaa taratibu, akaweka mto wa kochi mahali pake, akakitia mkobani.

"Alhamisi utakuja?" fundi aliuliza.

"Atakuja mtu, mama," alisema mlangoni, akivaa viatu. "Ukisikia hodi, mfungulie."